Adabu za Gemu za Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: waliopakua gemu juzi, waliozoea kucheza peke yao na sasa wanataka kuingia na wenzao, na wazazi wanaosikia kelele chumbani wasijue kinachoendelea. Majibu yanahusu zaidi gemu zinazochezwa sana huku kwetu kwa simu, yaani PUBG Mobile, Free Fire na Call of Duty: Mobile za kupigana risasi, na eFootball ya mpira, pamoja na mpira wa PlayStation kwenye vibanda vya mtaani. Kila kampuni ina masharti yake, nayo utayakuta ndani ya gemu yenyewe. Hapa nimeweka zaidi yale ambayo mtu huyajua baada ya kukaripiwa na wenzake. Ni heri uyajue kabla.

Naruhusiwa kutoka katikati ya mechi?

Hapana, ila kwa dharura. Skwadi ya PUBG Mobile au Free Fire ni watu wanne, na ukitoka haingizwi mtu kuziba pengo lako. Wenzako watatu watapambana na skwadi kamili mpaka mwisho, na kama ni mechi ya kupanda daraja, alama watakazopoteza ni jasho lao. Mama akikuita, umeme ukikatika, mgonjwa akizidiwa, hapo hakuna wa kukulaumu. Sema neno moja tu kwenye maiki au andika "natoka, dharura", ili wasikae wanakulinda wakidhani mtandao wako umeganda.

Ukishauawa je? Kama gemu haina njia ya kukurudisha uwanjani, nenda zako, hukumkosea mtu. Lakini siku hizi gemu nyingi zinamruhusu mchezaji aliyebaki hai kumrudisha mwenzake. Anahatarisha maisha yake kukimbilia kukufufua, halafu anafika anakuta umeshaondoka! Uliza kwanza: "Mnanirudisha au niende?" Watakujibu kwa sekunde mbili.

Kwenye mpira hali ni nyingine kidogo, kwa kuwa mko wawili. Umefungwa tatu bila kabla ya mapumziko na huoni sababu ya kuendelea. Kubonyeza kitufe cha kujitoa si kosa kubwa, mpinzani anapewa ushindi wake na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Kinachoudhi ni kuzima data kusudi ukitumaini mechi ihesabiwe kuwa imevunjika. Mwenzako naye ametoa bando lake na muda wake, na mabao yale matatu ameyafunga kwa haki.

Mtandao wangu unaganda. Niingie hivyo hivyo au nisubiri?

Subiri, au cheza mechi ya kawaida isiyo na alama. Tazama namba iliyo pembeni mwa skrini yenye herufi "ms". Hiyo ndiyo pingi: muda, kwa milisekunde, ambao taarifa inatumia kutoka kwenye simu yako kwenda kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha gemu, na kurudi. Chini ya 100 unacheza vizuri. Ikipita 200 utaona umejificha nyuma ya ukuta na bado umepigwa, kwa sababu kwenye seva ulikuwa bado hujafika ukutani.

Watu wengi hulaumu simu zao bure. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, Ujerumani, ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70 hata kama kila kitu kingine kingekuwa kamili. Na waya haunyooki hivyo, unazunguka baharini. Ndiyo maana mchezaji wa Mwanza au Kisumu anayechagua seva ya Ulaya hatapata pingi ya 20 hata anunue simu ya bei gani. Chagua seva yenye namba ndogo kuliko nyingine. Kwa wengi wetu huwa ni ya Mashariki ya Kati au ya Ulaya, na gemu chache zina seva Afrika Kusini.

Kuna siku ambazo tatizo haliko kwako kabisa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Siku kama hiyo usiingize skwadi kwenye mechi ya daraja, na usimwite mwenzako mzembe kwa kuwa anakwamakwama.

Kabla ya kuanza, zuia simu isipakue masasisho, na waulize walio nyumbani kama kuna anayeangalia video kwa Wi-Fi hiyo hiyo. Uliza kwa upole. Intaneti ni ya wote, na anayeangalia tamthilia ana haki sawa na wewe.

Maiki niiache wazi muda wote?

La hasha. Iache wazi kama uko mahali patulivu na umevaa hedifoni. Bila hedifoni, sauti za wenzako zinatoka kwenye spika yako, zinaingia kwenye maiki yako, na kila mmoja anajisikia mwenyewe akirudiwa kama yuko pangoni. Feni, jenereta, jogoo, mtoto analia, taarifa ya habari: yote yanafika. Katika gemu ambazo mtu husikiliza nyayo za adui, kelele hizo zinaua kweli kweli.

Kama uko kwenye daladala au matatu, zima maiki na utumie zile meseji fupi zilizokwisha kuandikwa ndani ya gemu. Na hedifoni ni lazima. Abiria aliyekaa pembeni yako hakuomba kusikia milio ya bunduki kutoka Mbagala mpaka Posta.

Kwenye seva ya Mashariki ya Kati utapangwa na watu wanaozungumza Kiarabu, Kiurdu, Kiingereza, na mara nyingine Waswahili walioko Muscat au Dubai. Mkiwa Waswahili wawili na wageni wawili, msizungumze wenyewe kwa wenyewe mechi nzima. Taarifa za muhimu, yaani adui yuko wapi na tunakwenda wapi, zitoeni kwa lugha ambayo wote wanne wanaielewa, hata kama ni ya kuokoteza. Soga zenu pigeni baadaye.

Jambo moja la heshima: kama muda wa swala umekaribia, usianzishe mechi ya dakika 30. Sema tu "nikimaliza kuswali nitaingia". Mwezi wa Ramadhani skwadi nyingi hukutana baada ya tarawehe, na hakuna anayeona ajabu.

Nikiona adui, niseme nini?

Usipige kelele "yule! yule pale!" Mwenzako haoni skrini yako. Kwenye PUBG Mobile juu ya skrini kuna dira yenye nyuzi, kutoka 0 hadi 360. Soma namba iliyo katikati, kisha taja umbali na kitu kilicho karibu: "165, mbali kidogo, nyuma ya jiwe, wawili." Hayo yanatosha. Kama umempiga akaumia, sema amebakiwa na nini: "mmoja hana helmeti." Kisha nyamaza wenzako wasikie nyayo.

Ukifa, kataza ulimi wako. Aliyebaki peke yake dhidi ya watatu hahitaji makocha watatu sikioni. Mpe taarifa moja ya aliyekuua yuko wapi, basi.

Nani anachukua vitu vya adui aliyeuawa?

Aliyemwangusha ana haki ya kwanza ya kufungua boksi la vitu alivyoacha. Hiyo ndiyo desturi, na wachezaji wengi huishika hata na watu wasiowajua. Ila desturi hii ina mipaka: mwenye dawa tano asichukue ya sita ilhali mwenzake anatembea na damu kidogo. Risasi pia ugawane, hasa kama bunduki yako haitumii aina hiyo. Kuna watu wanajaza begi kwa risasi ambazo hawatazipiga kamwe, na skwadi inakufa kwa kuishiwa. Ukihitaji kitu, omba. Kwenye gemu hizi kuna kitufe cha kuomba, na kuna kitufe cha kushukuru pia. Kitumie.

Kwenye mpira, ni mambo gani yanayomuudhi mpinzani?

La kwanza ni marudio. Umefunga bao zuri, sawa, ona furaha yako, kisha bonyeza uendelee. Mtu anayeacha marudio yote yaishe kwa kila bao, hata la penalti, anamtesa mwenzake makusudi. La pili ni kupasiana mabeki na golikipa kuanzia dakika ya 60 kwa kuwa unaongoza moja bila. Sheria za gemu hazikatazi, na timu halisi hufanya hivyo. Kwenye mashindano mimi sina neno nalo. Lakini kwenye mechi ya kirafiki, ambapo mtu ameingia kujiburudisha usiku baada ya kazi, huo si mchezo wa kumfanyia. La tatu ni kusimamisha mechi wakati mwenzako anashambulia. Kila mchezaji amewahi kufanyiwa hivyo, na kila mmoja anakumbuka lilikuwa shambulizi gani.

Kibandani kuna sheria gani?

Kila kibanda kina mwenyewe, na neno la mwenye kibanda ndiyo sheria. Desturi ya vibanda vingi ni kwamba aliyefungwa analipa na anampisha anayefuata. Uliza kabla hujashika pedi, usisubiri mpaka umefungwa ndipo uanze kubisha.

Kabla ya kuanza, kagua pedi. Ingia kwenye mechi, uachie kijiti cha kushoto bila kukigusa: mchezaji akitembea mwenyewe, kijiti kimechoka. Sema hapo hapo, mbadilishane au mwenye kibanda alete nyingine. Ukilalamika baada ya bao la pili, utaonekana unatafuta kisingizio hata kama unasema kweli. Osha au futa mikono. Pedi nyingi zinaharibika kwa mafuta ya chipsi na mihogo, na anayeingia hasara ni kijana wa mtaani aliyekopa kununua mashine ile.

Kusimamisha mechi kunaruhusiwa mpira ukitoka tu. Kwenye mechi za kupigana risasi skrini ikiwa imegawanywa, usichungulie upande wa mwenzako. Na watazamaji wawaache wanaocheza wacheze. Kumwambia mtu "piga! piga sasa!" kila anapokaribia goli ni kumharibia, na akikosa wewe huchangii malipo.

Utani unaishia wapi na matusi yanaanzia wapi?

Utani unahusu mchezo. "Beki yako leo iko likizo" ni utani. Ukigusa kabila la mtu, dini yake, mama yake, rangi yake au ulemavu wake, umeshatoka kwenye mchezo na umeingia kwenye nafsi yake. Pia angalia mnajuana kiasi gani. Maneno ambayo rafiki yako wa miaka kumi anayacheka, mgeni atayachukulia kama alivyoyasikia, tena hakuoni uso ajue kama unatania.

Ukitukanwa, usijibu. Zima sauti yake, maliza mechi, kisha mripoti ukichagua sababu sahihi. Ripoti moja yenye sababu sahihi inafaa kuliko meseji ishirini za kurudisha matusi, kwa kuwa wanaokagua wakiona nyote mmetukanana, mnaweza kuadhibiwa wote. Kama mtu amekufuata nje ya gemu na anakutisha au kukudhalilisha kwenye simu, hilo ni suala la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ilipitisha yake ya uhalifu wa mtandaoni mwaka 2018. Zote mbili zinagusa unyanyasaji wa aina hiyo. Hifadhi picha za skrini kabla hujamzuia.

Mimi ni msichana. Nikifungua maiki tu, mchezo unageuka maswali ya nimeolewa au la. Nifanye nini?

Wewe hujakosea chochote. Zima sauti ya anayekusumbua na umripoti, na uwaweke kwenye orodha ya marafiki wale wanaocheza nawe kwa adabu, ili skwadi yako ijae bila kuokoteza watu. Lakini jibu kubwa nawapa wanaume waliomo kwenye skwadi hiyo: mkinyamaza, mmemwachia mzigo peke yake. Inatosha mmoja kusema, "Kaka, tucheze." Nimeona mara nyingi maneno hayo mawili yakimtuliza mtu ambaye ripoti zisingemtuliza.

Kuna programu inayoonyesha adui nyuma ya kuta. Kila mtu anatumia. Kwa nini nisitumie?

Kwa sababu si kila mtu anatumia, na wale wanaofungwa nawe hawajui kwamba wamefungwa na programu. Mtu anafanya mazoezi wiki nzima, halafu anaondoka akiamini hajui kucheza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuhusu chita, yaani programu hizi za udanganyifu.

Kampuni nazo hazina mzaha. Valve, wenye gemu ya Counter-Strike, ilianzisha mfumo wake wa kunasa chita mwaka 2002, na anayefungiwa na mfumo huo hafunguliwi tena. PUBG Mobile hutoa adhabu ya kufungiwa akaunti miaka 10. Korea Kusini walikwenda mbali zaidi, wakatunga sheria inayofanya kutengeneza na kusambaza chita kuwa kosa la jinai.

Na kuna hatari ya karibu zaidi. Programu hizo huziweki kutoka Play Store, unaziweka kwa faili uliyotumiwa na mtu, na inakuomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa yako na namba za siri zinazotumwa na benki.

Naweza kununua akaunti yenye daraja kubwa?

Usinunue. Masharti ya gemu nyingi yanakataza, na aliyeifungua anaweza kuirejesha mikononi mwake kwa barua pepe au akaunti ya Facebook aliyoanzia, baada ya wewe kulipa. Huna pa kushtaki. Hata ikibaki kwako, utapangwa na watu wa kiwango ambacho hujakifikia, na wenzako watakuuliza umefikaje huko.

Vivyo hivyo wale wanaoahidi almasi za bure, yaani pesa ya ndani ya Free Fire. Hakuna mtu wa kampuni atakayekuomba nywila au namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yako. Ukishaitoa, akaunti imekwenda.

Namwambia mwanangu azime simu, anasema hawezi mpaka mechi iishe. Ananidanganya?

Mara nyingi anasema kweli. Mechi nyingi za mtandaoni hazina kitufe cha kusimamisha, kwani upande wa pili kuna watu hai. Free Fire hukusanya wachezaji 50 na mechi huchukua kama dakika 10. PUBG Mobile hukusanya mpaka 100, na mechi ya ramani kubwa inaweza kufika dakika 30. Mpira wa eFootball ni dakika 10 hivi. Ukimnyang'anya simu katikati, umewaadhibu na watoto wa watu wengine watatu, na akiadhibiwa na gemu kwa kutoroka, kwake inakuwa adhabu mbili.

Ninachowashauri wazazi ni kuuliza, "Mechi hii inaisha saa ngapi?" na kuweka sharti kwenye mechi badala ya dakika: "Hii ndiyo ya mwisho." Mpe taarifa kabla hajabonyeza kuanza nyingine. Mtoto naye ana wajibu wake: chakula kikiwa kinapakuliwa, haanzishi mechi ya nusu saa. Akianzisha hali akijua, hapo una haki yote ya kuichukua simu.

Saa za kucheza ni uamuzi wa nyumba yenu. China serikali iliamua yenyewe: tangu 2021, aliye chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Huku kwetu kazi hiyo ni ya mzazi.

Mtoto amenunua vitu vya gemu kwa pesa yangu. Zinarudi?

Zinaweza kurudi, ukiwahi. Kwa Google Play, peleka ombi ndani ya saa 48 tangu kununua. Baada ya hapo utaelekezwa kwa waliotengeneza gemu. Kisha nenda kwenye mipangilio ya Play Store uweke sharti la nywila au alama ya kidole kwa kila ununuzi, na usimpe mtoto nywila hiyo.

Usiwe mwepesi kumwita mwizi. Desemba 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano na Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, ya kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, kwa madai kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia, na watoto waliweza kununua bila idhini ya mzazi. Kama watu wazima walitegwa, mtoto wa miaka tisa atanusurikaje?

Namba kama 12+ au 16+ kwenye gemu ina maana gani?

Ni umri unaopendekezwa kutokana na kilichomo kwenye gemu: damu, matusi, kamari. Iangalie kabla ya kupakua. Lakini haikuambii lolote kuhusu watu watakaozungumza na mtoto wako kwenye maiki. Gemu ya mpira inaweza kuandikwa 3+ na bado mtoto akatukanwa humo. Kwa watoto wadogo, zima mazungumzo na wageni kwenye mipangilio, na kaa nao mechi mbili tatu ujionee.

Tuna ligi ya eFootball kwenye kundi la WhatsApp. Tunazuiaje ugomvi?

Andikeni sheria kabla ya raundi ya kwanza: mwisho wa kucheza ni lini, asiyetokea anapoteza kwa mabao mangapi, mtandao ukikata mechi inarudiwa au inaendelea kwa matokeo yaliyokuwepo. Ugomvi mwingi nilioushuhudia ulitokana na hilo la mwisho. Matokeo yatumwe kwa picha ya skrini, na wote wawili wayathibitishe. Maandishi peke yake hayatoshi, WhatsApp inaruhusu kuhariri meseji kwa dakika 15. Admini anayecheza kwenye ligi asiamue mechi yake mwenyewe, amteue mwingine. Pesa za kiingilio zishikwe na mtu asiyecheza. Na usiku wa manane si wakati wa kutuma sauti za dakika nne kuhusu penalti.

Naweza kurekodi mechi na kuiweka TikTok?

Mchezo wako, ndiyo. Sauti za wenzako, waombe kwanza. Mtu anapoongea kwenye skwadi anajua anasikiwa na watatu, hajui anasikiwa na mji mzima. Wengine wamo ofisini kwa mapumziko ya mchana, wengine nyumbani hawajui kama wanacheza. Kama unarusha mubashara, sema mwanzoni kabisa, "Niko laivu", anayetaka kuzima maiki azime. Jina la mpinzani uliyemfunga saba bila lifunike kabla hujapandisha, na akikuomba ufute, futa.